Githeri ya Kahawa

Nilizaliwa mwaka wa mihogo. Mtu wa rika langu ukimuuliza alizaliwa lini hakutajii tarehe, anakwambia watu walikuwa wanakula nini. Mwaka wa mihogo ni wakati wa vile vita vikubwa vya wazungu. Mahindi yalikuwa ya askari, na sisi huku tukauziwa unga wa mihogo kwa kupanga foleni. Mama alininyonyesha akinywa uji wa mihogo hiyo, na alikuwa akisema ndiyo sababu nilitoka mtoto wa kununa. Lakini mwaka ninaouandika hapa ni mwingine, wa baadaye. Ni mwaka wa githeri bila maharagwe, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa kutosha kuiba.

Nimesema kuiba na silifuti. Mjukuu wangu anayenisaidia kupanga karatasi hizi ameniambia, "Cucu, si uandike 'nilichukua'?" Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kuiba na kuchukua nazijua zote mbili.

Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ukiondoa maharagwe unabaki na mahindi, na mahindi matupu, ukiyala asubuhi na jioni, mwezi unaingia mwezi unatoka, ni kama kutafuna kokoto zenye chumvi. Na hata hiyo chumvi tulipimiwa.

Tuliishi ndani ya shamba la kahawa, hapa hapa kati ya Ruiru na Thika. Leo pamejaa nyumba za kukodisha, na mimi nakaa karibu, Gatongora, kwenye ploti ambayo fundi alipochimba msingi alitoa visiki vya kahawa kama meno mabovu. Wakati huo ilikuwa kahawa tu, huku na huku, mpaka macho yachoke. Nyumba za wafanyakazi tuliziita laini, kwa sababu zilipangwa mstari mmoja, mlango ukitazama mgongo wa nyumba nyingine.

Ilikuwa vita. Serikali iliiita hali ya hatari, lakini kama wanaume wako msituni na wengine wamefungwa kambini, mimi sijui jina lingine. Baba yangu alichukuliwa asubuhi akiwa amevaa kiatu kimoja. Mtu alikuwa ametaja jina lake, basi. Hatukujua nani, na hatukujua alitaja kwa kuogopa au kwa kutaka. Kiatu cha pili mama alikifuta vumbi akakiweka juu ya kabati la vyombo.

Wazungu walikuwa na hofu kwamba chakula chetu kinapelekwa msituni. Wakazungusha laini kwa seng'enge, na posho iliyokuwa ikitolewa kila Jumamosi ikaanza kutolewa kila jioni, ya siku moja peke yake. Kikombe cha mahindi kwa mtu mzima anayefanya kazi. Nusu kikombe kwa mtoto anayefanya kazi. Asiyefanya kazi hana kikombe. Maharagwe yakakatwa kabisa. Karani alisema hayapo. Nyapara alisema yapo ila ni ya askari. Cucu yangu, yaani nyanya yangu, alisema yako ndani ya tumbo la karani. Ukikutwa na chakula ambacho hukupewa pale dirishani, unaulizwa kimetoka wapi, na swali hilo halikuwa na jibu zuri.

Kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya posho, karatasi ngumu ya rangi ya udongo yenye vyumba vidogo vidogo. Ukipewa posho karani anatoboa chumba kimoja. Mama aliitundika kadi yake shingoni, ndani ya nguo, na aliitunza kuliko alivyonitunza mimi, wala simlaumu. Mtu akinyang'anywa kadi hana posho, na yeye na watu wa nyumba yake hawaruhusiwi kulala ndani ya seng'enge. Lori linakuja kuwachukua. Watu walishushwa huko chini upande wa Ngoliba, kwenye joto na vichaka, na sufuria zao na watoto wao, mahali wasipojua mtu. Nilimwona rafiki yangu akipanda lori hilo amekumbatia kuku. Sijamwona tena mpaka leo.

Nyumbani tulikuwa watatu tukila kikombe kimoja na nusu: mama, mimi na cucu.

Cucu alikuwa mamake baba. Mimi ndiye msichana wa kwanza, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina lake, na yeye akalichukulia jambo hilo kwa uzito wote. Alikuwa ananiita "mimi". "Mimi, niletee maji." "Mimi, mbona umekonda hivi, unanitia aibu." Mgeni angedhani mzee amechanganyikiwa. Mama naye, kwa sababu nina jina la mama mkwe wake, aliniita "maitu", yaani mama. Hata akinichapa alinichapa kwa heshima.

Cucu alikuwa amebakiwa na meno matatu, na hayakuwa yakikutana. Maharagwe angeweza kuyaponda kwa ulimi. Mahindi yalimshinda. Mama alimtwangia, akayachemsha mara mbili, lakini cucu alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Baadaye akaanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika. Halafu akageukia ukuta akakaa hivyo, siku baada ya siku, mgongo wake mdogo ukitutazama. Cucu huyo huyo aliyekuwa akisimama mlangoni na kuwatania wanaume wanaotoka kazini mpaka wakazunguka njia nyingine!

Basi mimi nilitaka cucu ale maharagwe. Sikuwa na siasa yoyote.

Kazi yangu ilikuwa kwenye meza za kuanikia. Kahawa ikishavuliwa ganda lake jekundu kwa mashine na kuoshwa, inaanikwa juu ya meza ndefu za waya, na hapo inakuwa na rangi ya mahindi machanga, laini, ya kupendeza. Wanawake wazee na watoto tulipita kando ya meza tukitoa mbegu zilizovunjika na nyeusi. Vidole vinakimbia, mdomo unapiga hadithi.

Sasa usinicheke. Nilichuma kahawa tangu nilipoweza kufikia tawi la chini, na nilikuwa sijawahi kuona mtu yeyote akiitumia. Kutoka na mbegu moja tu lilikuwa kosa. Sisi tulikunywa uji, na chai siku za chai. Pale mezani wazee walikuwa wakibishana kahawa ni ya nini. Mmoja alishikilia kwamba inatengenezewa baruti. Mwingine alisema ni rangi ya viatu vya askari, kwani hamwoni vinavyong'aa? Siku moja mpishi wa memsahib alipita akijisikia na aproni yake, akasema, "Nyinyi hamjui kitu. Bwana mkubwa hawezi kuamka bila maji ya kahawa."

Maji! Nilisimama na mbegu mkononi nikafikiri. Sisi tukichemsha maharagwe tunapata maji yake, na cucu aliyapenda maji hayo kuliko maharagwe yenyewe. Kwa hivyo wazungu wanachemsha kahawa, wanakunywa maji, halafu mbegu wanazila na nyama. Kumbe ni maharagwe yao! Nikashangaa jinsi watu wazima wanavyoweza kubishana miaka yote kwa jambo dogo hivyo.

Gauni langu lilishonwa kwa gunia la unga, na cucu alikuwa amelikunja upindo mkubwa chini, ili nikikua literemshwe. Ijumaa hiyo nilifungua uzi kidogo kwa jino, na kila nikitoa mbegu mbovu moja, nzuri mbili ziliingia kwenye upindo. Mpaka jioni nilikuwa na mshipi wa kahawa umenizunguka magotini, unanigonga kila nikipiga hatua.

Langoni tulipekuliwa. Wanawake walikung'uta leso na kuinamisha viondo. Nyapara wetu alikuwa mtu wa magharibi, mrefu sana, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote, na wanawake walimsumbua bila huruma kwa sababu hakuwa na mke hapa. Akaniangalia nikija.

"Wewe msichana, mbona unatembea kama bata?"

"Nimechomwa na mwiba."

"Mguu gani?"

"Yote."

"Miiba miwili siku moja?"

"Si shamba ni lenu?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Nyapara, mtoto amekumaliza, tafuta mke akufundishe kujibu." Naye akanipungia mkono. "Pita, mdomo mrefu wewe."

Nikapita.

Kesho yake, Jumamosi, kulikuwa na manyunyu, na kahawa ikinyeshewa huharibika, kwa hivyo meza zilifunikwa na sisi watoto hatukuhitajika. Mama alienda kuchuma mpaka saa saba. Aliacha mahindi ya mchana kwenye sufuria. Nilingoja sauti za wachumaji zipotee, nikamwendea cucu kitandani.

"Cucu, nimepata maharagwe."

Mgongo ukageuka. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hivyo alinyosha mkono. "Ni ya aina gani?"

"Madogo."

"Lete nishike." Akayashika, akayasugua kwa kidole gumba. "Haya yamevaa ganda juu."

"Ni ya wazungu, cucu."

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu hata maharagwe yao yatavaa koti."

Tukayavua koti. Yeye akayasugua juu ya jiwe la kusagia, mimi nikapuliza maganda. Ndani yake yalikuwa ya kijani kibichi kama yaliyovunwa kabla ya wakati wake, na kila moja lina mstari katikati. Cucu akasema yamegawanywa nusu ili yatoshe. Tukayatia kwenye mahindi, tukachochea moto.

Hayakuiva. Saa nzima. Cucu akauliza, "Yamelainika?" Nikabonyeza moja na kijiko likaruka likagonga ukuta. Saa nyingine. "Sasa?" Bado. "Tia magadi." Nikatia magadi, kama tunavyotia kwenye mahindi magumu. Hapo maji yakageuka kijani, kijani kweli, kama mto chini ya mahali ng'ombe wanapokunywa, na nyumba ikanuka magunia yaliyoloweshwa. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi. Cucu alikuwa na njaa.

Mwishowe tuliyaponda na mwiko mpaka tukapata kitu cha kijivu. Nikaonja. Ee Mungu wangu. Ulimi wangu ulijikunja kama jani lililotupwa motoni. Nikatema.

"Mimi, umetema chakula?"

"Ni kichungu, cucu."

"Tema tena nikuone."

Akala. Sahani nzima, huku akifumba jicho moja kila akimeza. Halafu akaomba yale maji. Nikampa kikombe, akakunywa. Nikampa cha pili. Akafuta mdomo, akasema kwamba wazungu hawajui kupika lakini chakula chao kina nguvu, unakisikia kikishuka mpaka kwenye magoti.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha cucu akaketi. Kisha akasimama, bila fimbo. Akachukua ufagio akafagia nyumba, akafagia mlangoni, akafagia mlangoni kwa jirani, huku anaongea. Alikuwa anaeleza habari ya mwanaume aliyetaka kumwoa kabla ya babu, ambaye hakuwa na mbuzi wa kutosha lakini alikuwa na shingo nzuri. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza haraka hivyo. "Mimi, shika hapa," akasema, akaweka mkono wangu kifuani pake. Moyo wake ulikuwa unapiga kama watu kumi wanaotwanga kinu kimoja. Nikacheka kwa furaha. Niliona nimemponya.

Halafu akatupa ufagio, akatoka, akaanza kushuka na laini, mlango kwa mlango.

"Nimekula maharagwe!" alisema kila mlango. "Nyinyi laleni hapo. Mjukuu wangu amenipa maharagwe!"

Mlango wa kwanza ulifungwa. Na wa pili. Mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo alimshika mtoto wake akaingia naye ndani bila kumaliza. Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyepewa maharagwe miezi mingi. Nyumba yenye maharagwe ni nyumba yenye mtu wa msituni. Nikamkimbilia nikamvuta leso.

"Cucu, twende nyumbani."

"Niache, mimi. Nimelala sana."

Nyapara alikuwa kwenye mfereji, akinawa. Cucu akamwita kwa mbali, "Wewe kijana mrefu! Njoo nikwambie!"

"Mama mzee, leo umeamka?" akajibu kwa furaha, maana alimpenda. Kila mtu alimpenda.

"Nimekula maharagwe."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo iliyojaa. Hakuna mwanamke pale aliyeufunga mfereji. Nyapara akakausha mikono yake kwa suruali, polepole. "Maharagwe ya nani, mama?"

"Ya wazungu. Yana koti!"

Hakucheka. Alitufuata mpaka nyumbani, na mama akawa anafika wakati huo huo kutoka shambani, leso imelowa manyunyu. Alimwona nyapara mlangoni pake, akanitazama mimi, na mkono wake ukaenda shingoni kwenye kadi.

Nyapara akainama, akafunua sufuria. Akachota kwa kijiko, akanusa, akatafuta mbegu moja ambayo haikupondeka, akaing'ata.

"Hii ni kahawa," akasema.

Mama akakaa chini.

"Mmechemsha kahawa na mahindi?"

"Na magadi," cucu akasema kwa fahari.

Sijawahi kuona mtu mrefu akicheka vile. Alishika kizingiti, akainama, akageuka nje, akarudi, akatazama tena ndani ya sufuria akaanza upya. Cucu akacheka naye, ingawa hakujua kwa nini. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, na akaketi kwenye kigoda chetu, magoti yake yakifika masikioni.

"Mama," akamwambia mama yangu, "laini nzima imesikia maharagwe. Askari wa langoni atasikia kabla ya jua kuzama. Nikisema hakuna kitu, nitaulizwa mimi. Nikisema maharagwe, nyinyi mtapelekwa kuulizwa mambo ya msitu. Lazima niseme kahawa."

"Sema kahawa," mama akasema.

"Kahawa ni wizi. Lazima kuwe na mtu." Akanitazama. Nadhani alikumbuka bata. "Sema ni mtoto. Mtoto anaandikwa kwenye kitabu, anachapwa, analia, kesho kutwa anacheza. Ukisema ni wewe, kadi inaondoka, na lori liko Jumatano. Wewe, na mtoto, na huyu mzee. Huyu mzee hatafika huko chini, mama. Unajua hatafika."

Nikafungua mdomo. "Ni mi—"

Mkono wa mama ulinifunika uso wote. Ulinuka maji ya kahawa nyekundu na mvua, na haukubana. Ulikaa tu hapo kama kofia.

Watu wa leo wataniuliza, kwani viboko vichache si afadhali? Niliwahi kumuuliza mama hivyo hivyo, nikiwa tayari na watoto wangu. Akaniambia, "Ningeanza vipi? Baba yako alichukuliwa kwa jina lililotajwa. Mwaka ule kila mlango kulikuwa na mtu ameulizwa jina. Nikitaja la kwanza la mtoto wangu kwa sababu ni viboko tu, la pili nitalitaja kwa sababu gani?" Na tena kitabu cha karani hakikuandika umri. Kiliandika jina. Jina langu lilikuwa la cucu, na siku nyingine mtu mwingine angefungua kitabu hicho, aone mwizi, aje atafute.

Basi alimtazama nyapara, akasema, "Sufuria ni yangu, moto ni wangu, na waliokula ni wangu. Sina jina lingine la kukupa."

"Sijauliza sufuria ni ya nani."

"Nimekusikia ulichouliza."

Akasimama. "Nitamwambia bwana mkubwa Jumatatu kwenye mizani. Una kesho yote ya kufikiri."

Hiyo kesho, Jumapili, mama hakwenda kanisani. Alifunga mzigo. Blanketi, sufuria ndogo, kile kiatu cha baba. Aliniosha, akaninyoa kichwa, akashona upindo wa gauni langu kwa mishono midogo midogo kama anayeshona jeraha. Mimi nililia nikimwambia aseme ni mimi, nitachapwa, sitajali. "Wewe utanyamaza," akasema. "Huo mdomo mrefu utautumia siku nyingine."

Cucu alikuwa ameishiwa na zile mbio zake, amelala, lakini usingizi wake ulikuwa wa kawaida, uso ukielekea kwetu. Mama akaenda kuosha sufuria. Nikamwona anachukua punje moja kutoka chini, anaiweka mdomoni, anatafuna. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. "Magadi!" akasema. "Maitu, ulitia na magadi!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni na sufuria mapajani, na mimi nikamwendea nikacheka naye, tukiwa na mzigo umefungwa mlangoni.

Mwaka jana mjukuu wangu aliniletea kahawa kutoka duka moja kule Thika, kwenye kikombe cha karatasi chenye kifuniko kama cha mtoto. Aliniangalia ninavyoonja. Nikamwambia si mbaya, imechomwa vizuri. Aliponiuliza kama nilikuwa nakunywa kahawa zamani, kwa kuwa nimekulia ndani ya kahawa, nilimwambia nilikula mara moja tu. Ndipo akasema niandike.

Zile wiki mbili zilizofuata nazikumbuka kuliko Jumatatu yenyewe, kwa hivyo acha nizimalize kwanza. Lori lilikuja Jumatano likaondoka bila sisi. Kadi ya mama haikuchukuliwa. Karani aliitoboa vyumba kumi na vinne kwa mpigo, posho ambayo hatungepewa, na mama akatolewa kwenye kuchuma akapelekwa kubeba samadi. Msimu ulikuwa umeshika na mama alijaza madebe mengi kuliko mwanamke yeyote wa laini ile. Nyapara alilisema hilo mbele ya mzungu, mara mbili, bila kuulizwa. Nadhani ndilo lililotuokoa.

Na kula tulikula. Hakuna mtu aliyekuja na bakuli, hilo lingeonekana. Wanawake walikuja kuazima moto. Mmoja anaingia na kigae chake, anachukua kaa, na anapoinuka kumebaki kiganja cha mahindi pale kwenye majivu. Baadaye mwingine anaingia, moto wake pia umezimika. Laini nzima moto ulizimika wiki mbili. Yule mama aliyeingiza mtoto ndani siku ile alikuja kila jioni, hakunitazama, na kiganja chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine. Cucu alitwangiwa, akala, na aliishi miaka mingi baada ya seng'enge kuondolewa. Hakuna aliyemwambia ilikuwa kahawa. Kila akichoka alinisumbua, "Mimi, yale maharagwe machungu ulitoa wapi? Nitafutie tena." Nilimwambia msimu wake umepita.

Jumatatu yenyewe haikuchukua muda. Kwenye mizani, asubuhi, wachumaji wote wamepanga mstari na vikapu vyao. Bwana mkubwa alikuwa amekaa nyuma ya meza, karani kando yake na kitabu kimefunguliwa na kalamu imechovywa. Nyapara akasimama katikati kutafsiri. Mimi nilikuwa nyuma ya mama nimeshika leso yake, na cucu alikuwa amekataa kubaki nyumbani, amekaa juu ya debe lililogeuzwa, akiwasalimu watu.

Mzungu akasema maneno yake. Nyapara akayageuza. "Bwana anauliza ni nani alitoa kahawa kwenye meza. Anasema kama si wewe, utaje jina, na wewe utarudi kazini na kadi yako."

Mama alifungua kamba shingoni, akatoa kadi, akaiweka juu ya meza mbele yao, akainyosha vizuri kwa kiganja kwa sababu ilikuwa imejikunja kwa jasho. Karani akangoja na kalamu yake. Nyapara akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumwambia mtu wake, "Mama. Jina moja tu."

"Sufuria ni yangu, moto ni wangu, na waliokula ni wangu. Sina jina lingine la kukupa."